Miaka Minne Mlangoni

Bibi yangu alikuwa mke wa pili. Naanza hapo, ndugu msomaji, maana bila hilo hii historia ya ubatizo itabaki ya vitabuni tu. Pale Mugumu tumezoea kuona Mwita anaingia kanisani usiku wa Mkesha wa Pasaka na kutoka Yosefu, mshumaa mkononi. Maji yenyewe hayachukui hata dakika. Kirefu ni mafundisho.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika Matendo ya Mitume, Filipo alimbatiza yule towashi wa Ethiopia njiani, siku ileile, mara walipofika penye maji. Hakuna daftari, hakuna mtihani. Lakini Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868, hakutaka haraka. Aliagiza mtu afundishwe miaka 4 kwanza. Alikuwa analiangalia Kanisa la kale, ambako wakatekumeni walingoja miaka, tena wakitolewa nje kabla ya sala za Ekaristi. Si mchezo!

Palikuwa na mlango wa dharura. Kule Uganda, usiku wa kuamkia 26 Mei 1886, hasira ya Kabaka Mwanga ikiwa imeshawaka, Karoli Lwanga aliwabatiza vijana waliokuwa bado mafunzoni, mdogo wao Kizito akiwamo. Lwanga hakuwa padri. Kanisa linakubali: penye hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza, mradi atumie maji na maneno yanayotakiwa, na awe na nia hiyo. Katekisimu ya miaka ikaishia usiku mmoja.

Kwetu Mara kizingiti kikubwa kilikuwa ndoa. Mwenye wake wengi alitakiwa abaki na mmoja. Papa Paulo III aliamua mwaka 1537 kwamba abaki na wa kwanza, na kama hakumbuki wa kwanza ni nani, achague. (Mzee gani wa kwetu hakumbuki? Ng'ombe wa kila mke anawajua kwa rangi!) Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1148, nayo inataka abaki mmoja, ila inamwagiza askofu ahakikishe walioachwa wanapata matunzo yao. Mke wa kwanza angeweza kubatizwa. Wa pili, aondoke kwanza. Aondoke aende wapi? Kwa mila zetu watoto ni wa yule aliyetoa ng'ombe. Akitoka, anatoka peke yake.

Ukitoka Mugumu kwenda Musoma unapita Nata, halafu unafika Butiama. Hapo Chifu Burito wa Wazanaki alikuwa na wake 22, na mke wa tano, Mgaya, alimzaa Kambarage mwaka 1922. Kijana akaingia shule ya Mwisenge mwaka 1934, akaenda Tabora 1937. Dini alianza kujifunza akiwa mwanafunzi, lakini alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943, pale misheni ya Nyegina, na miaka yake 21, akachukua jina la Julius. Chifu Burito alikuwa amefariki mwaka 1942. Sisemi mwana alimsubiri baba. Nasema tu kwamba tarehe zinafuatana, na mtoto wa boma la wake wengi akizisoma lazima agune. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma likafungua mchakato wa kumtangaza Nyerere mwenye heri.

Tarehe za bibi hazikuandikwa na mtu. Hakujua kusoma, lakini katekisimu aliikamata yote kichwani, maswali na majibu, hata wasichana waliokwama walimfuata jikoni kwake awasahihishe. Wao wakabatizwa, wakaolewa, wakaleta watoto wao nao wafundishwe. Yeye anakaa benchi la nyuma. Katekista alimhurumia, ila alichoweza kumwambia ni, "Mama, subiri."

Babu aliondoka kwa homa, msimu wa palizi. Pasaka iliyofuata bibi alisimama mbele na vijana wa umri wangu, mgongo umepinda, msimamizi wake akiwa mmoja wa wale wasichana wa jikoni, sasa mama wa watoto sita. Padri akaanza kumuuliza anaomba nini kwa Kanisa. Bibi alijibu kabla swali halijaisha.