Majini ya Adili na Masikio ya Pangani



Bibi harusi akishapakwa hina mikono na miguu hana la kufanya ila kukaa. Kitabu hashiki, simu hagusi, hata maji hunyweshwa. Ndiyo maana wengi wenu mnatuambia kwamba saa zile huwekewa riwaya ya kusikiliza, zile za vijana zenye majini na falme za mbali, na hina ikikauka na hadithi imefika pazuri. Wapo wanaowakebehi. Wanasema kusikiliza si kusoma, aliyesoma ni aliyefungua kurasa. Wengine wanaongeza kuwa habari za majini hazimfai mwari anayesubiri nikahi. Tumeona tuwajibu kwa historia, na historia yenyewe iko ng'ambo tu ya visiwa vyetu, Pangani.

Mji ule uko pale mto unapoingia baharini, na Bweni iko ukingo wa pili. Wengi wanaujua kwa habari za huzuni: biashara ya watumwa, mashamba ya miwa ya kandokando ya mto, na Abushiri bin Salim aliyenyongwa na Wajerumani hapo Desemba 1889. Vita vile vilitungiwa utenzi na Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mwanachuoni wa mwambao wa Tanga. Aliuandika kwa herufi za Kiarabu, lakini utenzi haukuandikwa ili mtu ajifungie nao chumbani. Huimbwa. Mmoja ana karatasi, waliobaki wana masikio, na baada ya muda wapo wenye beti kichwani ambao karatasi hawajaiona kabisa. (Kwa wanaokaribia kuolewa: mwanawe, Sheikh Ali bin Hemedi, ndiye mwandishi wa kile kitabu cha sheria za ndoa kiitwacho Nikahi. Kitafuteni.)

Sasa njooni kwenye riwaya. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Kuanzia 1926 hadi 1944 alikuwa mtumishi wa forodha, na Pangani ni moja ya bandari alizofanyia kazi. Mwaka 1952 kikatoka kitabu chake Adili na Nduguze. Leo kingewekwa rafu moja na hizo riwaya za vijana mnazosikiliza, maana kila kitu kimo: mfalme wa nchi isiyo kwenye ramani, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, jini wa kike mwenye nguvu, na ndugu wawili waliogeuzwa manyani.

Asiyekijua tumwonjeshe. Adili ni liwali wa Janibu, chini ya Mfalme Rai wa Ughaibuni. Mjumbe wa mfalme anafikia kwake, na usiku anamwona mwenyeji wake, mtu wa heshima na upole, akiwachapa manyani wawili, kisha akiwahurumia na kuwalisha. Mfalme Rai ni mpenda wanyama, habari inamkera. Anamwita Adili aeleze. Manyani wale ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Baba alipofariki waligawana urithi sawa. Wao wakaupoteza wao, Adili akawagawia tena wa kwake, na malipo yake yakawa kutoswa baharini. Aliyemwokoa ni Huria, jini aliyewahi kutendewa wema naye. Huria ndiye aliyewageuza manyani, na ndiye aliyeamuru wachapwe kila usiku.

Kisa hiki ni jamaa wa karibu wa kimoja cha Alfu Lela u Lela, ambamo ndugu wabaya waligeuzwa mbwa. Kwa Shaaban Robert mbwa wakawa manyani. Sisi tunadhani alijua masikio ya watu wake: mbwa kulishwa ndani ya nyumba ya Muislamu kungewafanya wasikilizaji wa Mrima wagombane juu ya najisi kabla ya kufika kwenye hadithi.

Tunasema wasikilizaji kwa makusudi. Kitabu kilichapishwa kwa herufi za Kilatini, herufi za skuli. Wanawake wengi wa pwani wa wakati ule walisoma chuoni: msahafu walikuwa nao, na wapo walioandika barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Nafasi za wasichana katika skuli za serikali zilikuwa chache mno. Kwa hiyo hadithi kama ya Adili ilimfikia mama kupitia kinywa cha mtoto. Kijana anarudi na kitabu cha skuli, anasoma kwa sauti uani, mama anakuna nazi, bibi anasuka ukili, shangazi anachambua mchele. Mikono ina kazi, masikio hayana. Atakayesema bibi yule hakuijua riwaya kwa sababu kurasa alifunua mjukuu, sisi hatumwelewi.

Tena riwaya yenyewe imejengwa juu ya kusikiliza. Sehemu kubwa yake ni Adili akisimulia na mfalme akisikiliza. Rai angeweza kumhukumu kwa yale aliyoyaona mjumbe, kwani ushahidi ulikuwepo na shahidi alikuwa mwaminifu. Akataka kwanza kusikia. Ndoa ngapi zimevunjwa na mjumbe aliyeona kweli lakini hakujua alichokiona! Hapo ndipo tunapoona kitabu hiki kinamfaa mwari kuliko vingi vya mapishi ya mapenzi.

Na Alfu Lela yenyewe, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili zama za Waingereza, imebebwa na nani? Na bibi harusi. Shahrazadi ameolewa na mfalme anayewaua wake zake asubuhi, naye anaishi kwa ulimi wake na kwa sikio la mumewe. Hadithi hizi ni za usiku wa harusi tangu asili, basi atakayesema hazimhusu mwari hajui zilikotoka.

Linabaki suala la majini, ambalo hatulipuuzi. Kuwaamini majini ni katika imani yetu, na sura ya 72 ya Qur'ani ina jina lao. Lakini tazameni sura ile inavyoanza: inatajwa kundi la majini waliosikiliza Qur'ani, wakaistaajabia, wakaamini. Sifa yao ya kwanza pale ni usikivu. Na Qur'ani yenyewe ilimfikia Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, kwa kusomewa na Jibrili, naye hakuwa mtu wa kusoma maandishi. Umma uliojengwa juu ya sikio haufai kulidharau sikio. Huria wa Shaaban Robert ni wa kubuni, na msikilizaji mwenye akili anajua, kama anavyojua kuwa sungura wa hadithi hasemi. Ikiwa riwaya inafundisha uganga na kuwaomba wasioombwa, iachwe. Hilo ni jambo jingine, na ni la kila kitabu, kiwe cha kusoma au cha kusikia.

Kinachotusumbua sisi ni visikilizi. Zamani hadithi ilianza kwa paukwa, na bila pakawa ya walioketi msimuliaji hakuendelea. Uani kwa mama mkunaji nazi, msomaji alikatizwa kila mara: huyo Hasidi mama yake alimlea vipi? Mbona Adili hakuandikiana nao hati? Watu walibishana, waliocheka walicheka, na hadithi ikawa na maoni ya nyumba nzima. Siku hizi mwari ana nyaya masikioni, anatabasamu peke yake, na walio pembeni hawajui anachotabasamia. Mpambaji anachora ua, somo anasubiri, sauti yote inaingia kichwani mwa mmoja.

Kwa hiyo wiki iliyopita tuliweka simu kwenye sinia katikati ya mkeka, visikilizi tukaviweka kando, mmoja wetu akasoma Adili na Nduguze kwa sauti huku simu inarekodi. Tulifika kwenye yale mapigo ya usiku, na kusoma kukasimama hapo zaidi ya nusu saa. Wawili walisema Adili alipaswa kukataa amri ya Huria na litakalokuja lije. Mmoja, aliyewahi kudhulumiwa mirathi na kaka zake, alisema viboko vile vilikuwa vichache. Kwenye rekodi mnasikia kimya, kisha mtu anamwaga chai.