Siku Zisizo na Mlipaji: Ulemavu wa Muda na Kipato cha Mfanyakazi Wilayani Rusizi

Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitetemeka Rusizi, Nyamasheke na Bukavu. Upande wa Rwanda watu zaidi ya 30 walikufa na mamia walijeruhiwa, baadhi yao wakiwa kanisani. Tuchukue mfano wa watu wawili waliovunjika mguu juma lile, mmoja kwa kuangukiwa na ukuta akiwa ibadani, mwingine kesho yake akiwa zamu kiwandani. Mfupa wa kila mmoja unahitaji wiki zile zile ili uunge. Wote wawili hawawezi kusimama, kubeba wala kulima, na watoto wao wanakula kila siku. Hata hivyo, mbele ya mfuko wa hifadhi ya jamii hawa ni watu wa aina mbili tofauti kabisa. Aliyeumia zamu ana fao la kila siku. Aliyeumia kanisani, kama hana mwajiri, ana mkongojo tu.

Tofauti hiyo haitokani na tiba wala na ukubwa wa hitaji. Inatokana na swali moja tu ambalo sheria huliuliza kwanza, yaani ajali ilitokea wapi na nani alikuwa bosi wakati huo. Nadai katika makala haya kwamba swali hilo ndilo linalowaacha nje watu wengi wa Rusizi, na kwamba Rwanda, ambayo imekwisha kuonyesha mara mbili kuwa inaweza kujenga bima pale ambapo wengi walidhani haiwezekani, inayo njia ya kulibadilisha.

Tuanze na kile kilichopo, maana si kidogo. Rwanda ilianza kuwa na mfuko wa hifadhi ya jamii mara tu baada ya uhuru, kwa sheria ya Novemba 1962. Leo shughuli hiyo iko chini ya Bodi ya Hifadhi ya Jamii, RSSB. Katika tawi la ajali na magonjwa ya kazini, mwajiri huchangia asilimia 2 ya mshahara na mfanyakazi hakatwi chochote. Mtu akiumia kazini akashindwa kufanya kazi kwa muda, hulipwa asilimia 75 ya wastani wa mapato yake ya miezi mitatu iliyotangulia, kwa kipindi kisichozidi miezi sita. Baada ya hapo, kama hakupona, suala linahamia kwenye ulemavu wa kudumu.

Kwenye karatasi, mpango huu ni wa haki. Tatizo linaonekana ukiupeleka Shagasha, kwenye chai. Mchuma chai analipwa kwa kilo. Miezi ya mvua majani huchipua upesi na kikapu hujaa; kiangazi cha Juni hadi Agosti majani huwa haba na kilo hupungua. Sasa mchumaji akiteleza kwenye mtaro mapema Septemba akavunjika kifundo cha mkono, miezi mitatu itakayotazamwa ni ile mikavu. Kama wastani wake kwa mwezi katika kiangazi ulikuwa faranga 30,000, atapata 22,500 kwa mwezi. Mwenzake aliyeumia vile vile mwanzoni mwa Juni, akitoka kwenye masika yenye wastani wa faranga 50,000, atapata 37,500. (Viwango hivi ni vya mfano, ninachokisisitiza ni uwiano wake.) Mkono ni ule ule, mteremko ni ule ule, mchango wa mwajiri umelipwa mwaka mzima, lakini kalenda imemnyang'anya mmoja asilimia 40 ya kile alicholipwa mwenziwe. Kwa mshahara wa ofisini, wastani wa miezi mitatu hauna shida. Kwa wilaya inayoishi kwa chai, kahawa na mpunga, wastani ungefaa kuwa wa miezi 12, na badiliko hilo halihitaji faranga moja ya ziada kutoka kwa mwajiri.

Anayeugua nje ya kazi anaangukia kwenye sheria ya kazi namba 66 ya mwaka 2018. Daktari akimwandikia, anapata likizo fupi ya ugonjwa ya siku 15 zenye malipo. Ikizidi hapo, anahitaji cheti cha jopo la madaktari watatu, na likizo ndefu inaweza kufika miezi sita, miezi mitatu ya kwanza ikiwa na mshahara. Nchi jirani zimechagua njia nyingine. Ng'ambo ya daraja la Rusizi, sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri alipe theluthi mbili ya mshahara wakati mkataba umesimama kwa ugonjwa. Tanzania, kwa sheria ya ajira ya mwaka 2004, inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2007, inaanzia chini kabisa, kwa siku saba za mshahara kamili na saba za nusu mshahara kwa mwaka.

Zote nne zinafanana kwa jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Ugonjwa usio wa kazini unalipwa kutoka mfukoni mwa mwajiri mmoja mmoja. Kampuni kubwa, mfano kiwanda cha saruji cha CIMERWA kule Bugarama, inaweza kubeba mishahara ya wagonjwa kadhaa bila kuyumba. Mwenye mgahawa wa wahudumu watatu mjini Kamembe hawezi. Akilazimishwa kumlipa mpishi aliyelazwa hospitali ya Gihundwe huku akimlipa kibarua wa kushika nafasi yake, atafanya kile ambacho waajiri wadogo hufanya kila mahali, yaani ataajiri bila mkataba, ili siku ya ugonjwa pasiwe na mtu wa kudai. Sheria iliyokusudiwa kumlinda mpishi inageuka sababu ya kumnyima karatasi.

Rwanda yenyewe ililiona jambo hili, lakini kwenye uzazi. Chini ya sheria ya kazi ya mwaka 2009, mama aliyejifungua alipata mshahara kamili kwa wiki sita tu. Akitaka kuendelea kupumzika wiki sita nyingine, alipata asilimia 20 ya mshahara wake. Mwaka 2016 ukaanzishwa mfuko wa mafao ya uzazi. Mwajiri huchangia asilimia 0.3 na mfanyakazi asilimia 0.3, awe mwanamke au mwanamume, na mfuko ukabeba zile wiki sita za mwisho kwa mshahara kamili. Mwaka 2023 likizo ikaongezwa hadi wiki 14. Mwajiri wa wanawake wengi hakuadhibiwa tena kwa kuwaajiri, na mama hakulazimika tena kuchagua kati ya kidonda na unga.

Sioni sababu ya kisheria wala ya kihesabu ya kukifanya kifundo kilichovunjika au kifua kikuu kiwe tofauti na hapo. Ujerumani, ambako bima za namna hii zilianzia, ilitunga sheria ya ugonjwa mwaka 1883, kabla ya ile ya ajali ya mwaka 1884, na hata aliyeumia kazini alihudumiwa kwanza na mfuko wa ugonjwa kwa wiki 13 ndipo mfuko wa ajali ukampokea. Ugonjwa ulikuwa msingi, na ajali ikajengwa juu yake. Sisi tumejenga ghorofa ya ajali, msingi wake haupo.

Lakini hata mfuko wa namna hiyo ungewagusa wenye waajiri tu, na Rusizi si wilaya ya waajiri. Ni wilaya ya mama anayevuka mpaka alfajiri na beseni la nyanya kwenda Bukavu, ya motari anayesubiri abiria Kamembe, ya mkulima wa mpunga anayesimama ndani ya maji hadi magotini, ya wapakizi ambao Rwanda nzima inawaita karaningufu, wanaobeba mifuko ya saruji ya kilo 50 mgongoni. Hawa wana mituweli. Bima hiyo ya afya ya jamii ilianza kwa majaribio katika wilaya tatu mwaka 1999, na RSSB ikakabidhiwa kuisimamia mwaka 2015. Ni moja ya mafanikio makubwa ya hifadhi ya jamii barani Afrika, nami sisemi hivyo kwa adabu tu. Mituweli inalipia kipimo, dawa, kitanda na bandeji ngumu. Hailipii siku.

Na siku ndizo zinazofilisi. Bugarama ni tambarare yenye joto na mabwawa ya mpunga, na malaria hupatikana huko kuliko kwenye vilima vya juu. Homa ya siku nne wakati wa palizi ina maana ya kuajiri vibarua kwa fedha ya kukopa, au kuacha magugu yale mpunga. Mguu uliovunjika ni msimu mzima. Zamani kijiji kilikuwa na ingobyi, machela ya kusukwa, na chama cha wanaume wa kumbeba mgonjwa kwa zamu hadi zahanati. Walioshindwa kuitika wito walitozwa. Mshikamano ule ulimfikisha mgonjwa kwa daktari. Aliporudi nyumbani, shamba lilikuwa mzigo wake na wa majirani wenye huruma. Leo vikundi vya ibimina hukopesha kwa dharura, na ni msaada wa kweli, ila mkopo kwa mtu asiye na kipato ni deni linalomsubiri apone. Motari akiteleza mwenyewe kwenye lami yenye mvua, bima ya lazima ya pikipiki inamfidia aliyegongwa. Yeye mwenyewe anabaki na marejesho ya pikipiki ambayo haizunguki.

Kuna upande wa pili wa suala hili ambao naona umesahaulika zaidi, nao ni kazi nyepesi. Mifumo yetu inajua hali mbili tu: mgonjwa na mzima. Mwili wenyewe haujui mpaka huo. Mchuma chai aliyefunguliwa bandeji ngumu hawezi kuchuma kwa mikono miwili, lakini anaweza kuandika kilo kwenye mzani, kumwagilia miche kwenye kitalu, kuchambua majani. Akirudi mapema kuchuma kwa mkono mmoja, atalipwa kwa kilo chache, na fao lake la asilimia 75 litakuwa limekatika. Akibaki nyumbani mpaka miezi iishe, anapata zaidi. Mfumo unamlipa ili asijaribu, halafu meneja anamwita mvivu. Fao lingetakiwa kumjazia pengo kati ya anachopata sasa na alichokuwa akipata, kwa wiki kadhaa za mpito, na gharama yake ingekuwa ndogo kuliko kumlipa akae.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Rwanda iliuridhia mwaka 2008, unataka waajiri wafanye marekebisho yanayofaa mahali pa kazi, na unawataja waziwazi hata waliopata ulemavu wakiwa kazini. Lakini unaongea hasa juu ya ulemavu wa muda mrefu. Mtu wa wiki nane anaponyoka katikati: si mlemavu kwa maana ya mkataba, si mzima kwa maana ya bosi wake. Mwanzo wa kumshika ni rahisi, nao ni ile karatasi ya daktari. Cheti cha kawaida kinasema siku kumi za mapumziko. Kingeweza kusema vilevile kwamba mgonjwa huyu asinyanyue zaidi ya kilo tano hadi tarehe fulani, asisimame zaidi ya saa moja mfululizo, anaweza kukaa mezani kuanzia Jumatatu. Daktari wa hospitali ya Mibilizi anayajua hayo tayari anapomwangalia mgonjwa, hakuna anayemuuliza. Mwajiri naye akipewa maneno hayo ana kitu cha kutekeleza, na asipotekeleza, mkaguzi wa kazi wa wilaya ana kitu cha kusoma. Na lile sharti la madaktari watatu kwa likizo ndefu lilegezwe kwa wagonjwa ambao picha ya eksirei inatosha kusema yote.

Najua pingamizi. Watu watajifanya wagonjwa, na maskini hawana cha kuchangia. La kwanza ni la kweli kwa kiasi, na dawa yake ni muda wa kusubiri: siku saba za kwanza zisilipwe, na fao liwe chini ya kipato, ili pasiwe na anayefaidika kwa kulala. Zaidi ya hapo, mahali ambapo kila mtu anajua shamba la nani limekatiwa maji leo, udanganyifu ni mgumu kuliko ofisini. La pili lilisemwa pia kuhusu mituweli mwaka 1999.

Kwa hiyo ningependa jaribio lianzie Bugarama, kwenye vyama vya ushirika vya mpunga. Mpunga unavunwa misimu miwili kwa mwaka, unapimwa na chama, na malipo yanapitia kwa chama kikikata gharama za mbolea na maji kabla mkulima hajapokea fedha yake. Mchango wa siku za ugonjwa unaweza kukatwa hapo hapo, kwa kilo badala ya faranga, ili mavuno yakipungua mchango nao upungue. Fao lilipwe kuanzia siku ya nane hadi ya 60, kwa kiwango cha kibarua wa siku, kwa sababu hicho ndicho mkulima aliyelala anachokihitaji: mtu wa kuingia majini badala yake. RSSB ibebe hasara ya msimu mbaya, na cheti kitoke kituo cha afya kikiwa na mistari miwili zaidi, mmoja wa asichoweza mgonjwa na mwingine wa anachoweza.