Waini ya Kuchanganya, na Jibu Lililochekwa

Juzi kijana mmoja wa hapa kwetu Buxton alienda kuomba kazi ya weta kwenye hoteli moja ng'ambo ya daraja. Akaulizwa: kwa nini Cabernet Sauvignon na Merlot hutiwa chupa moja? Akajibu, "Labda moja peke yake haitoshi." Wakamcheka, akarudi nyumbani kichwa chini.

Sasa mimi nauliza, alikosea wapi?

Hayo ni majina ya zabibu nyeusi zilizopata sifa Bordeaux, mji wa bandari huko Ufaransa. Mwaka 1152 Eleanor, mrithi wa jimbo la Aquitaine, aliolewa na Henry, na miaka 2 baadaye huyo Henry akawa mfalme wa Uingereza. Basi kwa miaka 300 hivi, mpaka 1453, Bordeaux ilikuwa chini ya wafalme wa Uingereza, na meli zikawa zapeleka mapipa kwao. Biashara ya bahari ndiyo iliyoikuza waini ile. Hapo mtu wa Mombasa hahitaji kufafanuliwa.

Na kuchanganya je? Ni hofu ya mkulima. Merlot huiva mapema, Cabernet Sauvignon huchelewa. Baridi ikiharibu moja, au mvua ikiiwahi nyingine kabla ya kuvunwa, angalau hukosi zote. Ni kama yule nyanya wa shambani anayepanda mahindi na muhogo pamoja. Halafu kuna ladha: Merlot ni laini, Cabernet ina ukakasi. Zikikutana, moja yamtuliza mwenzake.

Kumbe tena ni ndugu! Mwaka 1997 watafiti wa California walitangaza kwamba Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc. Merlot nayo mzazi wake mmoja ni Cabernet Franc.

Kwa hivyo "moja haitoshi" lilikuwa jibu sahihi. Alichokosa kijana ni maelezo, kwa sababu tunakaririshwa majina ya chupa bila kuambiwa yalikotoka.

Na tusidanganyane ati mambo haya ni ya wenyewe. Wareno walioanza kujenga Fort Jesus 1593 walituachia neno mvinyo. Pipa pia ni lao, na kwao lilikuwa la mvinyo kabla halijawa la kuwekea maji mifereji ikikauka. Divai nayo twaambiwa ni ya Kifaransa. Historia hii ilishapiga hodi zamani.

Simwambii mtu anywe. Nyumba nyingi mtaani hapa haliingii hata tone, na ni haki yao. Naongea kuhusu ajira. Kijana wetu akiulizwa tena, ajibu vile vile, kisha awaambie ni kwa nini.

Wewe waonaje?