Miwani ya Vyuma Chakavu: Cyrus Kabiru

Katika karakana za jua kali hapa Gikomba, Nairobi, mabati na vyuma vilivyotupwa hugeuzwa majiko, sufuria na masanduku ya shule. Cyrus Kabiru, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kulelewa Eastlands jirani na jaa la taka, aliufikisha ufundi wa aina hii kwenye kumbi za sanaa.

Utotoni alitamani miwani. Baba yake, asiyeipenda, alimwambia ajitengenezee. Akaunganisha nyaya, vizibo na vipuri vilivyookotwa. Leo miwani yake, C-Stunners, ni sanamu za kuvaliwa usoni. Hakuna inayofanana na nyingine.

Mwaka 2015 ilionyeshwa Vitra Design Museum, Ujerumani. Mwaka 2017, jumba la sanaa la Zeitz MOCAA, Cape Town.