Wakalimani wa Mahakama na Shule ya Kiangazi ya Tucson

Mafunzo ya kiangazi ya wakalimani wa mahakama katika Chuo Kikuu cha Arizona, mjini Tucson, chanzo chake ni kesi ya mauaji. Mwaka 1967, Rogelio Negron, kibarua wa shambani kutoka Puerto Rico, alishtakiwa katika Jimbo la New York. Hakujua Kiingereza, na wakili wake hakujua Kihispania. Kati ya mashahidi 14 wa upande wa mashtaka, 12 walitoa ushahidi kwa Kiingereza. Mkalimani, aliyeletwa na upande huohuo, alimweleza mshtakiwa muhtasari tu wa yaliyosemwa, wakati mahakama ilipopumzika. Maneno ya Negron mwenyewe, kinyume chake, yalitafsiriwa yote ili mahakama iyasikie. Mwaka 1970 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba kesi ya namna hiyo haikuwa ya haki: mtu hawezi kujibu ushahidi asiouelewa.

Uamuzi huo uliwapa washtakiwa haki, lakini haukuwapatia wakalimani. Hadi wakati huo, kazi hiyo iliweza kufanywa na karani, jamaa au mpita njia anayejua lugha mbili. Sheria ya Wakalimani wa Mahakama, iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwezi Oktoba 1978, ilitaka mahakama za shirikisho zitumie watu waliothibitishwa kwa mtihani. Mtihani wa kwanza, wa Kihispania, ulifanyika mwaka 1980, na walioanguka walikuwa wengi kuliko waliofaulu. Wengi wao walizungumza lugha zote mbili tangu utotoni. Kilichowashinda ni kazi yenyewe.

Roseann Dueñas González, mwalimu wa Arizona aliyeshiriki kuutunga mtihani huo, alianzisha shule ya kiangazi mwaka 1983. Tucson ilifaa: mpaka wa Mexico uko karibu, na Kihispania ni lugha ya mtaani na ya mahakamani pia. Muda mfupi wa kiangazi uliwafaa watu wenye ajira zao, wasioweza kurudi chuoni mwaka mzima.

Masomo yalifuata mahitaji ya mahakama. Mkalimani hujizoeza kufasiri papo kwa papo huku msemaji akiendelea. Hujizoeza pia kungoja jibu la shahidi limalizike, kisha kulifasiri. Na kusoma hati kwa lugha moja huku akiitamka kwa nyingine. Msamiati huanzia vifungu vya sheria hadi silaha, dawa za kulevya na lugha ya vijiweni. Gumu zaidi, pengine, ni nidhamu. Shahidi akitukana, tusi hutafsiriwa. Akisitasita au kujipinga, kasoro hiyo hubaki ilivyo, kwa kuwa baraza la wazee wa mahakama hupima ukweli wake kwa namna anavyosema. Mkalimani mwenye huruma anayenyoosha sentensi za shahidi huwa ameubadilisha ushahidi.

Baadaye shule hiyo ya Tucson ilipewa jina la mfadhili Agnese Haury. Mitihani ya shirikisho ilitungwa pia kwa Kinavajo na Krioli ya Haiti, ingawa uliodumu ni wa Kihispania. Sheria ya 1978 haikuzibana mahakama za majimbo, zinakosikilizwa kesi nyingi zaidi. Huko hatua kubwa ilikuja mwaka 1995, majimbo ya Minnesota, New Jersey, Oregon na Washington yalipoungana kuchangia mitihani, kwani gharama ya kutunga mtihani wa kila lugha ilizidi uwezo wa jimbo moja.