Kiti Cheusi cha Yr Ysgwrn

Ellis Humphrey Evans alizaliwa Januari 1887 huko Trawsfynydd, kaskazini mwa Welisi. Alikuwa bado mtoto mchanga familia ilipohamia katika shamba hili la Yr Ysgwrn. Alichunga kondoo, ingawa akili yake, kusema kweli, ilikuwa kwenye mashairi. Malenga wenzake walimjua kwa jina la Hedd Wyn.

Sheria ya kuandikisha vijana jeshini kwa lazima ilipobisha hodi, akaenda yeye ili mdogo wake asichukuliwe. Mapema 1917 jeshi lilimruhusu arudi kusaidia kulima. Likizo hiyo ikawa ya jembe na kalamu: aliendelea kuutunga utenzi wake mrefu, "Yr Arwr", yaani Shujaa, kisha, aliporudi jeshini, akautuma mashindanoni kutoka Ufaransa.

Aliuawa Pilckem Ridge, Ubelgiji, tarehe 31 Julai 1917. Alikuwa na miaka 30.

Septemba 6, kwenye tamasha la Eisteddfod mjini Birkenhead, mshindi wa mashindano hayo aliitwa asimame. Kimya. Waziri Mkuu wa Uingereza, David Lloyd George, alikuwa miongoni mwa waliohudhuria. Kiti cha ushindi, kazi ya mkimbizi Mbelgiji Eugeen Vanfleteren, kikafunikwa kitambaa cheusi.

Ndicho hiki kilicho mbele yako. Tafadhali usikiguse.