Kamera Zilizosoma Povu

Fungu la mchanga lililo chini ya maji halionekani, ila povu lake huonekana. Wimbi litokalo bahari kuu hupita juu ya kina kirefu bila kubadilika sana. Likifika penye maji haba, chini yake hukwama, juu yake hutangulia, nalo huvunjika. Wimbi la mita 1 huvunjika kwenye kina cha mita 1 na robo hivi. Ndiyo maana nahodha akiona mstari mweupe mbele ya mlango wa bandari hujua, hata kabla ya kutia bildi, kwamba pale pana fungu. Ujuzi huo ni wa kale kama ubaharia wenyewe, na watu wa pwani ya Afrika Mashariki wameutia hata katika majina ya mahali, kama Fungu Yasini, kaskazini mwa Dar es Salaam. Kilicho kipya, kilichoanza katika miaka ya 1980, ni kuugeuza ujuzi huo wa macho kuwa kipimo: kamera ikae mahali pamoja, itazame povu mchana kutwa, mwaka hadi mwaka, kisha picha zake zieleze fungu liko wapi, linakwenda wapi na kwa kasi gani.

Haja ya kipimo cha namna hiyo ilikuwepo muda mrefu. Teignmouth, mji mdogo wa Devon kusini-magharibi mwa Uingereza, umekaa kwenye mlango wa mto Teign. Katika miaka ya 1820 mawe ya itale kutoka machimbo ya Haytor yalipakiwa hapo kwenda London, na sehemu ya daraja la London lililofunguliwa mwaka 1831 ilijengwa kwa mawe hayo. Baadaye shehena kuu ikawa udongo mweupe wa kufinyangia vyombo vya kauri. Lakini kila meli iliyoingia au kutoka ililazimika kupita katikati ya mafungu yasiyotulia. Mwaka 1856 Thomas Spratt, mpimaji wa bahari wa jeshi la majini la Uingereza na mzaliwa wa Teignmouth, alichapisha uchunguzi wake kuhusu mienendo ya fungu la hapo. Alionyesha kwamba mchanga haukuwa ukitangatanga ovyo, bali ulizunguka. Mkondo wa maji yanayopwa huusukuma nje ya mlango, hukusanyika ukawa fungu, mawimbi hulirudisha fungu polepole hadi ufukweni, na mzunguko huanza tena. Mwenye kuujua mzunguko huo angeweza kukisia njia ya meli itakuwa wapi msimu ujao.

Taabu ilikuwa kuufuatilia. Boti ya vipimo hutoka siku bahari ikiwa shwari. Fungu husogea siku bahari ikichafuka. Mpimaji aliyeshusha bildi mwezi wa saba na kurudi mwezi wa tatu alikuta chini pamebadilika, asijue ni dhoruba ipi iliyofanya kazi hiyo, wala kama ilikuwa moja au tano. Marubani wa bandari walijua zaidi kwa sababu walipita kila siku. Maarifa yao, hata hivyo, yalikaa vichwani mwao, na rubani akistaafu aliondoka nayo.

Hatua moja kubwa ilitoka vitani. Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza walitaka kujua mteremko wa fukwe za Ufaransa zilizoshikwa na adui, mahali ambapo hakuna boti ya vipimo ingeweza kukaribia. Wakatumia picha zilizopigwa kutoka ndegeni, moja baada ya nyingine kwa muda uliojulikana, wakapima wimbi lile lile limesogea umbali gani. Kanuni yenyewe ni ya fizikia ya kawaida: kwenye maji haba, mwendo wa wimbi hutegemea kina peke yake. Penye kina cha mita 1 wimbi hukimbia takriban mita 3 kwa sekunde. Penye mita 4, zaidi kidogo ya 6. Kwa hiyo anayeijua kasi ya wimbi anakijua kina. W. W. Williams aliieleza kazi hiyo hadharani mwaka 1947, vita vilipokwisha. Wazo lilikuwa sahihi, ila lilihitaji ndege kila mara, na hakuna bandari ndogo ambayo ingeweza kulipia ndege kila wiki.

Kamera ya kudumu ilipata makao yake ya kwanza ya maana huko Duck, kijiji cha pwani katika jimbo la North Carolina, Marekani. Wahandisi wa jeshi la nchi hiyo walianzisha hapo kituo cha utafiti mwaka 1977, chenye gati la mita 561 linaloingia baharini moja kwa moja, na baadaye mnara wa kutazamia. Rob Holman wa Chuo Kikuu cha Oregon State alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi pale. Mtu huyu anaupenda mchanga kwa dhati: kwa miaka mingi amekusanya mamia ya sampuli kutoka fukwe za dunia nzima, kila moja katika chupa yake, zikapangwa ukutani chuoni kwake. Mwanzoni yeye na wenzake walitumia filamu kupima jinsi maji yanavyopanda ufukweni, wakisoma picha moja moja kwa mkono. Kazi hiyo ilichosha macho na ilikula wiki nyingi kwa dakika chache za bahari.

Mwaka 1986, wakati wa jaribio kubwa lililofanyika hapo Duck, walijaribu jambo jingine kwa kamera ya video. Badala ya kutazama kila wimbi, waliacha kompyuta ichukue fremu zote za dakika 10, ijumlishe mwangaza wa kila nukta ya picha, kisha itoe wastani. Picha iliyotokea haifanani na bahari yoyote ambayo jicho la mtu limewahi kuiona. Mawimbi hayamo. Mtu aliyekuwa akitembea ufukweni hayumo. Hakukaa mahali pamoja kiasi cha kuacha alama. Ndege wametoweka. Maji yamelainika kama hariri iliyotandikwa, na juu yake imelala mikanda miwili mieupe, mmoja karibu na nchi kavu, mwingine mbali, iliyopinda hapa na kukatika pale. Mikanda hiyo ndiyo mafungu. Povu la wimbi moja halisemi mengi, kwa kuwa wimbi kubwa huvunjika mbali na dogo huvunjika karibu. Povu la mawimbi mia, likichanganywa, huchora umbo la mchanga ulio chini. Pale mkanda mweupe unapokatika ndipo maji yanaporudi baharini kwa nguvu, na ndipo waogeleaji huchukuliwa.

Thomas Lippmann na Holman walichapisha hesabu ya mbinu hiyo mwaka 1989, na mwaka 1992 kituo cha kwanza kinachojiendesha kikasimamishwa Yaquina Head, rasi yenye mnara wa taa katika jimbo la Oregon. Kilipewa jina la Argus, lile jitu la hadithi za Kigiriki lenye macho mia ambalo halikufumba yote kwa pamoja. Kila saa ya mchana kompyuta ya kituo ilitoa picha ya papo hapo, picha ya wastani wa dakika 10, na picha ya tatu iliyoonyesha mahali mwangaza ulipobadilika zaidi. Kisha ilizituma kwa laini ya simu hadi chuoni mjini Corvallis. Mtafiti hakulazimika tena kwenda baharini siku ya dhoruba. Dhoruba ilimfuata mezani kwake.

Lakini ili picha iwe ramani, kazi ya mikono ilibaki. Kamera iliyo juu ya mnara hutazama kwa mshazari, hivyo nukta moja ya picha karibu na mnara inaweza kuwa chini ya mita, na kilomita 2 mbele ikawa makumi ya mita. Wapimaji huweka alama kadhaa ufukweni, huchukua mahali pake kamili kwa GPS, kisha hesabu ya jiometri huilaza picha yote iwe kama imepigwa kutoka juu. Maji yenyewe nayo yaligeuzwa rula. Yanapojaa na kupwa, ukingo wake huchora mstari mpya ufukweni kila saa, na kila mstari una kimo kinachojulikana. Siku moja ya bamvua hutoa mistari ya kutosha kuonyesha umbo lote la ufukwe kati ya maji kupwa na maji kujaa, bila mtu kukanyaga mchanga.

Ulaya iliipokea mbinu hii kwa sababu za utawala zaidi kuliko za elimu. Uholanzi iliamua mwaka 1990 kwamba pwani yake isirudi nyuma zaidi ya mstari uliowekwa, na kwamba silaha iwe kumwaga mchanga. Mchanga ni gharama. Anayeulipia hutaka kujua umekwenda wapi. Kamera ziliwekwa Noordwijk mwaka 1995, na picha zake zilionyesha mafungu yakizaliwa karibu na ufuo, yakihamia nje na kufifia. Mhandisi aliyeona fungu likiondoka angeweza kudhani pwani inaliwa, kumbe lilikuwa katika safari yake ya kawaida.

Kati ya 2002 na 2005 mradi wa CoastView, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, uliwakalisha watafiti na wasimamizi wa pwani meza moja. Sehemu nne zilichaguliwa: Egmond ya Uholanzi, Lido di Dante ya Italia, Teignmouth, na El Puntal karibu na Santander, Hispania. Swali halikuwa tena kamera inaweza kuona nini, bali msimamizi anahitaji kujua nini ili aamue. Jibu likawa viashiria vichache, kila kimoja na kiwango ambacho kikivukwa lazima hatua ichukuliwe.

Santander huonyesha jambo hilo vizuri kuliko pengine. El Puntal ni ulimi wa mchanga uliolala mbele ya ghuba, na mawimbi huurefusha kuelekea magharibi, palipo njia ya meli. Mkondo wa maji kujaa na kupwa huusukuma usizibe. Mchanga ukishinda, njia hubanwa na mchimbaji huitwa. Zamani mtu alisubiri upimaji wa boti ndipo ajue njia imebanwa kiasi gani. Kamera ikiwapo, ukingo wa ulimi hupimwa mara kwa mara, umbali wake hadi kwenye mstari wa njia huandikwa, na kasi ya kusogea huonyesha miezi iliyobaki kabla uchimbaji haujawa wa lazima. Kuagiza meli ya kuchimba mchanga kwa wakati wake ni akiba kubwa kwa bandari, na meli za shehena hazikutani na fungu kwa kushtukiza. Huko Teignmouth mzunguko alioueleza Spratt ulionekana hatua kwa hatua, pamoja na dhoruba zilizousukuma.

Australia ilitumia kamera kwa kiwango kingine. Huko Gold Coast zaidi ya mita za ujazo milioni 1 za mchanga zilimwagwa kuanzia 1999, na mwamba bandia wa mifuko mikubwa ya mchanga ukajengwa Narrowneck. Kamera zilizowekwa juu ya jengo refu zilifuatilia upana wa ufukwe, na mkazi yeyote aliweza kuona matokeo, hata yale yasiyofurahisha.

Mapungufu ya mbinu hii ni ya kweli. Usiku na ukungu huifunga kamera. Chumvi hukauka juu ya kioo na lazima mtu apande kukifuta. Nguzo hujipinda kidogo kwa jua la mchana na kuisogeza picha nzima. Bahari ikitulia kabisa, mawimbi hayavunjiki na mafungu hupotea machoni ingawa yapo. Pengo hilo la mwisho lilipunguzwa mwaka 2013, Holman na wenzake walipotoa programu ya cBathy, inayokadiria kina kutokana na kasi ya mawimbi hata pasipo povu: kanuni ile ile ya picha za vita, sasa bila ndege.

Gharama nayo imeshuka. Mwaka huo huo wa 2013 kamera ya bei nafuu ilifanya kazi Grand Popo, pwani ya Benin. Mwaka 2017 Mitchell Harley na wenzake wa Sydney walianzisha CoastSnap katika fukwe za Manly na North Narrabeen. Walifunga kishikizo cha chuma kwenye nguzo. Mpita njia huweka simu yake humo, hupiga picha na kuituma. Kishikizo hakisogei, kwa hiyo kila simu hutazama pembe ile ile, na picha za watu wasiojuana, zilizopigwa asubuhi, jioni na baada ya dhoruba, hupangwa kwa tarehe na kupimwa kama zimetoka katika kamera moja.